"Ninyi ni Wakristo wa Aina Gani?"

Hivi msomaji wangu, umeshawahi kuulizwa swali jepesi kabisa, halafu ukajikuta mdomo umekauka? Mimi yamenikuta. Yalinikuta Kilwa Kivinje, saa kumi jioni, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na pembeni yangu mama wa mwanaume niliyetaka kuolewa naye anachambua mchele. Bila kuinua macho kwenye ungo, akaniuliza:

"Mwanangu, ninyi ni Wakristo wa aina gani?"

Mimi ni mhariri. Nina shahada ya mawasiliano. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuwasahihishia majibu. Lakini siku ile, kwa kanisa ambalo nimebatizwa nikiwa mchanga, nikalelewa humo na baba ambaye ni mzee wa kanisa, nilibaki nakodoa macho kama mtu aliyeulizwa namba ya simu ya jirani.

"Sisi ni Wapresbiteri, Mama."

"Presbi nini?"

"Presbiteri."

"Ndo wale wa Jumamosi?"

"Hapana Mama, hao ni Wasabato."

"Wale wanaolia na kunena kwa lugha?"

"Hao ni walokole. Sisi tumetulia, Mama." Akacheka kidogo. Nikajua nimepata nafasi ya kujieleza, ila muda ni mfupi. Nazi ikiisha, na maneno yaishe.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili twende pamoja.

Mwenzangu ni mtoto wa Kivinje. Tulikutana Dar, kazini, na kwa miaka miwili dini haikuwa tatizo, maana tulikuwa hatuizungumzii. Mnaijua hiyo staili? Yeye Ijumaa anakwenda msikitini, mimi Jumapili naenda kanisani, Jumamosi tunakula samaki. Mambo safi. Ila siku aliposema, "Twende nyumbani ukamwone Mama," nikajua kwamba sasa mchezo umekwisha.

Tukapanda basi la asubuhi kutokea Mbagala. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo kabla yake watu wa kusini walikuwa wanalala njiani wakisubiri kivuko. Tukafika Nangurukuru, njia panda. Ukinyoosha unakwenda Lindi, ukikata kushoto unaelekea Kivinje na Masoko. Pale kwenye njia panda, watu wanapanda na korosho za kukaanga dirishani, mimi nikaanza kucheka peke yangu. Mwenzangu akauliza kulikoni. Nikamwambia, "Leo bibi yangu angeniona, angezimia."

Bibi mzaa baba alizaliwa upande wa Karonga, Malawi, akaolewa Kyela, ng'ambo ya mto Songwe. Sisi wajukuu tukienda likizo, tukisumbua usiku, alikuwa na neno moja la kutunyamazisha: "Nyamaza, watakupeleka Kilwa!" Hatukujua Kilwa ni nini. Tulidhani ni jina la zimwi. Sasa mimi huyo, na begi langu na nauli yangu mwenyewe, najipeleka Kilwa.

Turudi kwenye nazi.

Nikamwambia Mama kwamba hilo neno gumu lina maana nyepesi sana. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni mzee. Kanisa la Presbiteri ni kanisa linaloongozwa na wazee. Hatuna askofu. Usharika unachagua wazee wake, wanawake kwa wanaume, wanakaa baraza pamoja na mchungaji. Mchungaji ndiye mwenyekiti wa baraza, lakini hawezi kuamua peke yake. Sharika kadhaa zikikutana, wachungaji na wazee wake wanakaa kikao kinachoitwa presbiteri. Juu zaidi kuna sinodi au mkutano mkuu, kutegemea na nchi. Anayeongoza huko anaitwa moderata, anachaguliwa kwa kipindi, na muda wake ukiisha anampisha mwingine.

"Kwa hiyo hakuna mkubwa?" Mama akauliza.

"Mkubwa ni kikao, Mama."

Akatikisa kichwa. "Vikao vya wazee navijua. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatoka navyo msikitini saa nne usiku, na hakuna walichoamua."

Nikacheka hadi nikakosea, nikajikwaruza kidole kwenye mbuzi. Baba yangu mzazi ni hivyohivyo.

Nikaendelea. Mwanzo wake ni Ulaya, karne ya 16, kwa mwalimu mmoja Mfaransa aitwaye John Calvin aliyefundisha mjini Geneva, na Mskoti aitwaye John Knox. Mwaka 1560 bunge la Scotland likakataa mamlaka ya Papa, na hapo ndipo mizizi yetu. Waskoti hao wakaja kugombana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1843, kwa sababu matajiri wenye ardhi walikuwa wanawapachikia watu mchungaji wanayemtaka wao. Wachungaji zaidi ya 450 wakatoka, wakaacha mishahara, wakaacha na nyumba, wakaanzisha Kanisa Huru. Kisa tu waumini wanyimwe haki ya kukubali au kumkataa mchungaji wao.

"Waliacha mishahara?" Mama aliweka ungo chini.

"Waliacha."

"Basi hao walikuwa wanaamini."

Msomaji wangu, nilijisikia raha kweli. Tatizo likawa swali lililofuata. "Sasa hao Waskoti, ninyi wa Nyasa mliwapata wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama tena, maana jibu lake lilikuwa pale pale tulipokaa.

Kama hujawahi kufika Kivinje, nikueleze. Ni mji wa pwani uliochoka kwa namna nzuri. Kuna maghofu ya boma la Wajerumani linalotazama bahari, milango ya zamani ya kuchonga, mashua zimelala kwenye tope maji yakitoka. Kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliopinga utawala wao. Huku Kivinje ndiko alikonyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Watalii wengi wanakimbilia Kilwa Kisiwani, kwenye msikiti mkuu na Husuni Kubwa, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Lakini katika karne ya 19 mji wenye pesa ulikuwa Kivinje. Na pesa yenyewe, sehemu kubwa, ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu. Njia ya misafara ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita porini wiki nyingi, ikaishia hapa ufukweni. Kutoka hapa watu walipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na mbele zaidi.

David Livingstone, mwenyewe Mskoti, aliyaona mambo hayo kule ziwani, akayaandika, na kwao watu wakasoma. Alifariki mwaka 1873, mwezi Mei. Mwezi uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar akasaini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1875 Kanisa Huru la Scotland likatuma watu wake Ziwa Nyasa, wakiwa na meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala, ambayo walilazimika kuifungua vipandevipande na kuibeba kwa watu kupita maporomoko ya mto Shire. Misheni wakaiita Livingstonia. Pamoja nao alikuwepo daktari kijana, Robert Laws, aliyekaa huko hadi mwaka 1927. Na mwaka 1876 walikuja Waafrika kutoka Lovedale, Afrika Kusini, akiwemo William Koyi, Mxhosa, aliyefanya kazi kwa Wangoni mpaka kifo chake mwaka 1886. Mtu wa kwanza kubatizwa, Albert Namalambe, alipatikana mwaka 1881.

Kwa maneno mengine, kanisa la bibi yangu lilikwenda Nyasa kwa sababu ya njia ya Kilwa. Njia isingekuwepo, labda na mimi nisingekuwa Mpresbiteri.

Sasa unamwelezaje hivyo mama mkwe mtarajiwa, kwenye kibaraza chake, ukiwa na nazi yake mkononi? Nilitaka kuruka. Kiukweli nilitaka kusema "walikuja tu kuhubiri". Lakini mwalimu wangu mmoja wa chuo alituambia kwamba habari ukiikata kichwa, mkia wake utakurudia usiku. Nikamwambia yote, taratibu. Na sikuwapamba wamisheni. Nikamwambia kampuni ya biashara iliyowafuata ilipigana vita Karonga na mfanyabiashara wa pwani aitwaye Mlozi kuanzia mwaka 1887, na kwamba Waingereza walimnyonga Mlozi mwaka 1895, mwaka uleule wa Makunganya. Nikamwambia wachungaji wa kwanza Waafrika wa Livingstonia, watu watatu, walisubirishwa mpaka mwaka 1914 kuwekewa mikono, wakati misheni ina karibu miaka 40. Nikamwambia na ile ya bibi: "Nyamaza, watakupeleka Kilwa."

Mama hakucheka. Alichukua ungo, akapepeta mara mbili, tatu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayesema na mchele:

"Bibi yake bibi yangu hakuzaliwa hapa. Alikuja kwa miguu."

Basi. Hakuongeza. Na mimi si mjinga kiasi hicho, sikuuliza. Pwani kuna maneno ambayo mtu akikupa moja, amekupa nyumba nzima. Baadaye mwenzangu aliniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kumsikia mama yake akilisema hilo.

Tukakaa kimya mpaka tui likakamuliwa. Halafu, ili kuondoa uzito, nikamwambia kwamba Kaunda naye alilelewa katika kanisa hilo. "Kaunda wa kitambaa cheupe?" Huyohuyo, Mama. Baba yake, David Kaunda, alitumwa na Livingstonia kwenda kuhubiri Chinsali, Zambia ya leo, na akawa mchungaji. Na upande wa Kenya Waskoti walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na mahali pale mpaka leo panaitwa Thogoto, yaani wenyeji walivyolitamka neno Scot. Kanisa la huko, PCEA, ndilo lililomweka wakfu mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka 1982. "Mwanamke anahutubia wanaume?" "Ndiyo Mama." "Na wanamsikiliza?" "Wengine wanasinzia, kama kwa wanaume." Hapo akacheka kweli.

Nikadhani nimefaulu. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa bado.

Usiku, baada ya kula, mwanawe alipotoka kwenda barazani kwa wenzake, Mama akanivuta karibu. "Mimi sikuulizi utasilimu lini. Ninyi ni watu wa Kitabu, na mwanangu anaruhusiwa kukuoa. Mimi nina swali moja. Mwanangu akifa mikononi mwako, utamzika saa ngapi?"

Du! Jamani. Nilijiandaa kwa maswali ya nguruwe, ya pombe, ya watoto. Hilo la kuzika halikunijia kabisa. Lakini ndilo lilikuwa linamkosesha usingizi. Kwetu mtu akifariki anapelekwa mochari, simu zinapigwa, ndugu wa Mbeya wanasubiriwa, sanduku linanunuliwa, siku tatu nne zinapita, anasafirishwa Kyela. Kwao anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa na kuzikwa, ikiwezekana siku hiyohiyo. Mama alikuwa anaona mwanawe amelala kwenye jokofu huko Dar, anasubiri kwaya.

Nikamwambia, "Nitawaita ndugu zake siku hiyohiyo, Mama. Wamchukue wamfanyie ya kwao. Hata kama wa kwetu hawajafika."

Akanitazama muda mrefu. Nikapata ujasiri wa kuuliza: "Na mimi je, Mama? Nikitangulia mimi?"

"Wewe tutakusubirishia ndugu zako mpaka wafike. Hata wiki. Na chakula chao nitapika mwenyewe."

Msomaji wangu, kwangu mimi ile ndiyo ilikuwa posa. Barua na mahari vilikuja baadaye, lakini mimi nilishaposwa jikoni.

Usidhani upande wangu ulikuwa mteremko. Kanisa la wazee ni zuri mpaka siku wazee wakikuita wewe. Tuliamua kufunga ndoa ya serikali, bomani, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyoruhusu. Unatoa taarifa siku 21 kabla, hakuna anayebadili dini, mnasaini. Usharika wetu ni mdogo, wengi ni watu wenye asili ya Kenya na Malawi, habari zinasambaa kabla ya sadaka kuhesabiwa. Nikaitwa kwenye baraza. Walikuwepo wazee saba na mchungaji, na mmoja wa wazee hao ni baba yangu.

Mchungaji aliomba, karani akafungua kitabu cha kumbukumbu. Hapo baba akasimama, akasema, "Mimi hili halinihusu kulisikiliza, maana huyu ni mwanangu." Akatoka. Dirishani nilimwona amekaa chini ya mwarobaini, kofia mkononi. Kwa robo tatu ya saa wale sita walinihoji. Je, ninalazimishwa? Hapana. Nitaendelea kusali? Ndiyo. Na watoto? Hapo nikanyamaza. Katika mapokeo yetu mtoto anabatizwa hata kama mzazi anayeamini ni mmoja tu. Kwa mume wangu mtoto anafuata dini ya baba. Pande zote mbili zina haki juu ya mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Wakapiga kura. Nikasimamishwa kushiriki Meza ya Bwana kwa miezi sita. Niliumia, sitaki kudanganya. Unakaa benchi lako, mkate unapita mbele yako, jirani anakupa sinia bila kukutazama usoni, na wewe unalipitisha. Mara ya kwanza nilitaka kuondoka nisirudi. Nilibaki kwa sababu mbili. Kwanza, waliniambia usoni, na sababu wakazitaja, na ziliandikwa, hawakunisema gengeni. Pili, Jumapili ileile mama mmoja mzee wa kanisa, ambaye najua alipiga kura nisimamishwe, alinifuata nje akanishikisha kanga doti moja. "Ya harusi," akasema. "Kura ni kura, na mtoto wetu ni mtoto wetu."

Leo tuna binti wa miaka miwili. Alifanyiwa akika Kivinje. Baba yangu alisafiri, akavua viatu, akakaa mkekani na wazee wa msikiti, akala pilau, na nilimsikia wakijadiliana namna ya kukusanya michango. Kwenye hilo walielewana kabisa. Lakini binti yangu hajabatizwa. Kila ubatizo ukitangazwa kanisani baba hunitazama mara moja, kisha hugeuka. Hasemi kitu. Nami sina cha kumwambia. Mume wangu na mimi tumekubaliana kwamba mtoto atajua sala za pande zote mbili, na akikua atachagua. Wengi wametuambia hilo haliwezekani. Huenda ni kweli. Tunaishi nalo hivyohivyo.

Nilichojifunza ni hiki. Wewe unayechumbiana na mtu wa dini nyingine, usiseme "mapenzi hayana dini" halafu ukalala. Dini ipo, imekaa kwenye kibaraza cha mama mkwe inachambua mchele inakusubiri. Ijue ya kwako kwanza. Mimi ningekwenda Kivinje bila kujua kwa nini naitwa Mpresbiteri, ningerudi na aibu. Pili, ulizeni mapema lile swali ambalo wakubwa wanaliogopa. Sisi tulikuwa tunabishana nani apike kitimoto na nani asipike, kumbe Mama anawaza kaburi.

Majuzi tulikuwa Kivinje tena. Binti alikataa kulala, analia usiku wa manane, nyumba nzima iko macho. Mama mkwe akamchukua mgongoni, akamfunga kanga, akaanza kutembea naye uani, nami nikasikia anavyombembeleza:

"Nyamaza mwanangu, nyamaza. Hapa ndo Kilwa. Umeshafika."